Nilimpa mwanangu dawa ya mafua ili alale melini

Bi Mfamasia, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Unguja ila kwetu ni Pemba. Jambo hili limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa na sijamwambia mtu, maana hata mume wangu hajui yote.

Mimi na bahari hatupatani tangu utotoni. Nikipanda chombo, hata hakijang'oa nanga, mate yananijaa mdomoni na moyo unaanza kunichafuka. Mwezi uliopita mdogo wangu aliolewa huko Pemba na ilikuwa lazima niende. Ni msimu wa kusi, kila mtu ananitisha na Mkondo wa Nungwi. Juu ya hayo nilikuwa na mafua, na nilishaanza kumeza vidonge vya mafua vya pakiti, viwili viwili kutwa mara tatu.

Binti yangu mdogo ana mwaka mmoja na miezi minne, bado ananyonya. Nikawaza: mimi natapika, huyu analia, na mkubwa anataka kukimbia sitahani, nitafanyaje peke yangu? Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye wajukuu watatu pale nyumbani kwake, akanipa chupa ya plastiki ya rangi ya kahawia. Karatasi yake ilishafutika. Akasema ni dawa ya mafua na mzio, yeye huwapa wajukuu wakisumbua usiku. "Mpe kijiko kimoja, atalala mpaka Mkoani." Nikampa kijiko kile cha kulia wali, kimejaa, tukiwa tumeshakaa kwenye viti.

Kweli alilala. Mimi tulipofika Nungwi nilitapika mpaka nyongo. Nikameza Piriton mbili, zikatoka. Nikameza nyingine mbili, hizo zikakaa.

Tulipofunga gati Mkoani, bandari ya Pemba, nikamwinua mwanangu, kichwa kikaanguka nyuma kama si chake. Nikampa ziwa, hakulikamata, maziwa yakamtiririka shavuni. Nikampuliza usoni, nikamkwaruza nyayo. Akafumbua jicho moja, akalifumba. Mama yangu akasema ni uchovu wa bahari, muache alale. Nikamkalia kitako pale kitandani huku wenzangu wanapiga vigelegele nje. Aliamka magharibi, akanyonya, na kesho yake akacheza kama kawaida. Kila mtu akaniambia unaona, hana kitu. Lakini mimi lile jicho moja halijanitoka.

Nataka kujua kama nilimdhuru. Halafu mume wangu anaendesha lori la mchanga. Kila asubuhi anapiga chafya mfululizo, macho mekundu, pua inamwaga maji. Anameza Piriton mbili na chai kisha anashika usukani. Nikimwambia ananijibu mwili wake umeshazoea. Na mwezi ujao tunamleta baba mkwe kutoka Pemba kuja kuonana na daktari wa tezi dume. Amepita miaka 70, naye anaiogopa bahari kuliko mimi. Ameniagiza nimnunulie "hizo za kuzuia kutapika". Ninunue zipi?

Mama wa wawili, Unguja

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hilo lililokukaa kifuani. Kwa ulivyonieleza, mtoto aliyeamka jioni ile ile, akanyonya na kesho yake akacheza, dawa imeshamtoka mwilini na sioni sababu ya kuhofia kwamba imemwachia athari. Hilo liweke chini, ulale.

Lakini waliokwambia "hana kitu" sikubaliani nao. Siku ile alikuwa na kitu. Mtoto aliyelala usingizi wa kawaida ukimgusisha ziwa mdomoni hulikamata na kunyonya hata kama hajafumbua macho. Wako hakuweza. Kichwa kilianguka, maziwa yakamtiririka nje. Huko si kusinzia, ni kulemewa na dawa, na mtoto wa namna hiyo anaweza hata kupaliwa na maziwa au matapishi yake mwenyewe. Moyo wako ulikuwa sahihi kuliko wazee waliokuwa pembeni yako. Hospitali ya Abdalla Mzee iko hapo hapo Mkoani, na safari yako ingeishia kule kwanza kabla ya harusini. Likitokea tena, kwako au kwa mwingine: mtoto haamshiki vizuri, anapumua polepole au kwa kukoroma kusikokuwa kwake, ngozi imekuwa nyekundu, kavu na ya moto, au anaanza kurukaruka kama mwenye degedege, mpeleke na chupa mkononi. Usimpe chochote kwa mdomo na usimtapishe.

Sasa tupige hesabu ya kijiko kile, maana hapo ndipo palipoharibika. Naandika majina ya dawa kama yanavyoandikwa kwenye pakiti ili uyatambue dukani.

Piriton ni jina la biashara, dawa yenyewe ni chlorpheniramine. Ile ya maji kwa kawaida ina miligramu 2 katika kila mililita 5, yaani kijiko kidogo cha dawa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, kama daktari ameona anaihitaji kwa ajili ya mzio, hupewa miligramu 1, mara mbili kwa siku. Hiyo ni nusu ya kijiko kidogo. Kijiko cha kulia wali kikijaa hubeba kama mililita 15. Kwa hiyo, ikiwa kwenye chupa mlikuwa na hiyo, ulimpa miligramu 6 kwa mkupuo mmoja: dozi sita. Ni kiasi ambacho mtoto mkubwa kuliko yeye, wa miaka miwili hadi mitano, hatakiwi kukizidisha kwa siku nzima.

Na hiyo ndiyo hesabu ya afadhali. Dawa nyingine ya maji inayokaa kwenye chupa za kahawia na inayosifika kwa "kulaza" ni promethazine, wengi mnaijua kwa jina la Phenergan. Hiyo haipewi kabisa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Hakuna dozi ndogo ya kumfaa. Inaweza kuufanya ubongo wa mtoto usahau kupumua, na kuna watoto waliokufa kwa sababu hiyo, hata Marekani mwaka 2004 wakaamuru lebo yake ibebe onyo lao zito kuliko yote. Siwezi kujua wewe ulimpa ipi, na hata jirani yako hajui. Dawa isiyo na karatasi si dawa tena, ni maji ya kahawia.

Kuna mengine kuhusu dawa za maji za watoto yanayonifanya nisimame kidete kuhusu karatasi hiyo. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizokutwa Gambia, moja ikiwa ya promethazine. Zilikuwa zimechanganyika na kemikali ya sumu inayoua figo, na zilihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60. Kosa halikuwa la promethazine yenyewe, lilikuwa la kiwanda na kile walichokitia kwenye chupa. Lakini tahadhari ile iliweza kuwafikia watu kwa sababu chupa zilikuwa na jina, kiwanda na namba ya toleo. Chupa ya jirani yako hata ikitangazwa redioni asubuhi na jioni, hakuna atakayejua kama ndiyo hiyo.

Niseme wazi kwa nini dawa hizi huleta usingizi, kwa sababu watu wengi wanadhani usingizi ni zawadi ya ziada. Mwili wako una kitu kinaitwa histamini. Vumbi au chakula kisichokupatana kikiugusa mwili, histamini humwagika, ndipo unapopiga chafya, macho yanawasha, ngozi inaota mabaka. Dawa za mzio huizuia histamini isifanye kazi hiyo. Sasa histamini hiyo hiyo, ndani ya ubongo, ndiyo inayotuweka macho. Dawa za zamani, kama chlorpheniramine na promethazine, hazikai puani tu, zinapanda mpaka kichwani na kuizima na huko. Kwa hiyo ukimwona mtoto amelala baada ya kupewa Piriton, ujue dawa imeshafika kwenye ubongo wake. Wengine wala hawalali, dawa huwageuza: wanapiga kelele, wanatetemeka, hawatulii usiku kucha, na mama akidhani dozi ni ndogo anaongeza.

Na hili, mwanangu, ndilo linaloniuma zaidi: binti yako hakuihitaji. Watoto wa chini ya miaka miwili kwa nadra sana wanachafukwa na moyo safarini. Mambo hayo huanza baadaye, na wanaosumbuka kuliko wote ni wale wa umri wa kwenda shule. Mtoto wako angelia kwa joto, kwa kelele za injini, kwa kutaka ziwa. Angekuchosha, ndiyo. Kwa siku kama ile msaada wako ni mtu: mdogo wa mume, binamu, hata yule mama wa kiti cha jirani umwombe amshike yule mkubwa mkono. Wapemba hawajashindwa kushikiana mtoto melini.

Twende kwako mwenyewe. Hujaniuliza, lakini nimeona kitu kwenye barua yako. Chukua ile pakiti ya vidonge vya mafua, igeuze nyuma, usome maandishi madogo. Nina hakika kubwa utakuta chlorpheniramine humo, pamoja na paracetamol. Vidonge vingi vya mafua vimechanganywa hivyo, kila kimoja kikiwa na miligramu 2 hadi 4 za chlorpheniramine. Viwili, mara tatu, ni kati ya miligramu 12 na 24 kwa siku. Mtu mzima mwisho wake ni 24. Halafu juu yake ukameza Piriton mbili zilizokaa, kila moja miligramu 4. Ulikuwa unameza dawa ile ile kwa majina mawili. Na kwa kuwa unanyonyesha, kiasi kidogo cha hiyo hupita kwenye maziwa kwenda kwa mtoto ambaye tumboni tayari ana kijiko kizima. Wala Panadol usiongeze juu ya vidonge hivyo vya mafua, paracetamol imeshakuwemo na ikizidi huumiza ini.

Kwamba dawa ya mzio inaweza kutuliza bahari, jirani yako hakukosea. Jambo hilo liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, kulikuwa na mama mjamzito aliyekuwa akitibiwa mabaka ya ngozi. Madaktari walimpa dawa mpya ya mzio, dimenhydrinate. Akarudi kuwaambia kwamba siku akiimeza, safari ya kwenye tramu ya mjini haimtapishi tena, na maisha yake yote ilikuwa ikimtapisha. Mwaka uliofuata, 1948, wakaijaribu kwa wanajeshi waliokuwa wakivuka Atlantiki kwenda Ujerumani wakati wa baridi, bahari imechafuka, nayo ikafanya kazi. Ninapenda kisa hiki kwa sababu mgunduzi halisi alikuwa yule mama aliyesikiliza mwili wake na kusema, na madaktari walikuwa na adabu ya kumsikiliza.

Ila si kila dawa ya mzio inafaa baharini. Ni zile tu zinazopanda kichwani, maana kuchafukwa kunaanzia huko: sikio la ndani linasema tunayumba, macho yaliyoganda kwenye kiti cha mbele yanasema tumekaa, ubongo unachanganyikiwa na tumbo linalipa. Ndiyo maana cetirizine, ambayo ni nzuri kwa chafya, haitakusaidia kitu Nungwi. Na Piriton si chaguo la safari pia. Zinazotumika zaidi kwetu ni cinnarizine na promethazine. Kwa mtu wa hali yako ningeanza na cinnarizine, kwa kuwa kwa wengi haileti usingizi mzito kama promethazine, nawe una watoto wawili wa kuwaangalia juu ya maji. Inamezwa saa mbili kabla ya kuondoka. Yaani nyumbani, kabla hujafunga mlango kwenda bandari ya Malindi. Ukingoja mpaka moyo uchafuke umeshachelewa, tumbo lililokwisha kugeuka halipokei kidonge, litakirudisha kama lilivyokurudishia zile mbili. Kiasi cha kumeza fuata pakiti utakayouziwa, maana vidonge vinatofautiana nguvu.

Mwambie mfamasia mambo mawili kabla hajakupa: kwamba unanyonyesha, na kama kuna uwezekano wowote wa mimba. Dozi moja ya safari kwa kawaida haimzuii mama kumnyonyesha mtoto wa umri wa wako, ila mtazame kama anasinzia kuliko kawaida au ananyonya kidogo. Usiku wa siku hiyo mtoto asilale kitanda kimoja na wewe. Mama aliyemeza dawa ya usingizi hahisi kitoto chini ya mkono wake.

Mengine unayajua, ila niyataje. Kaa katikati ya chombo na chini, si omo wala shetri, kule ndiko kunakorushwa zaidi. Angalia mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Simu iache mkobani. Kula kitu kidogo kikavu kabla, mkate au muhogo wa kuchemsha, usipande na tumbo tupu wala na pilau ya jana. Tangawizi huwafaa baadhi ya watu, itafune au ichemshe unywe, na haikuzuii kumeza dawa.

Sasa huyu baba watoto wako. Hapa naomba umsomee yeye mwenyewe, kwa sauti.

Mwanangu, chafya zako ni za kweli na vumbi la mchanga si mchezo. Nakuelewa unapotafuta nafuu kabla ya kushika usukani, kwa sababu mtu anayepiga chafya mfululizo kwenye kona naye ni hatari barabarani. Lakini Piriton mbili ni dozi mbili za mtu mzima kwa wakati mmoja, tena kila siku, na dawa ile hukaa mwilini muda mrefu. Hata ukiimeza usiku asubuhi unaamka nayo. Unasema mwili umezoea. Kilichozoea ni ile hisia ya kusinzia. Mwaka 2000, Iowa, Marekani, watafiti waliwaweka watu 40 wenye mafua ya mzio kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji wa gari. Siku moja wakawapa diphenhydramine, ndugu wa karibu wa Piriton, siku nyingine pombe, siku nyingine dawa mpya isiyoleta usingizi, siku nyingine kidonge kitupu. Waliendesha vibaya zaidi siku ya diphenhydramine, kuliko hata siku ya pombe. Na walipoulizwa kama wanahisi usingizi, majibu yao hayakulingana na jinsi walivyoendesha. Mtu alijiona mzima, gari likisema mengine. Wewe una tani za mchanga nyuma yako na watoto wa skuli wanaovuka mbele yako.

Dawa ya mtu kama wewe ipo na si ghali. Nenda duka la dawa uulize loratadine au cetirizine, miligramu 10, kidonge kimoja tu kwa siku. Hizi hazipandi sana kichwani. Cetirizine huwasinzisha baadhi ya watu, kwa hiyo ile ya kwanza imeze usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, ujione ulivyo kesho yake kabla hujalipanda lori. Loratadine ni pungufu zaidi kwa usingizi. Kama una ugonjwa wa figo, sema. Na usiichanganye na Piriton kwa kuwa "leo vumbi limezidi".

Vidonge peke yake haviwezi kushinda vumbi unalolivuta kila siku. Vaa barakoa unapopakia, funga madirisha mchanga unapomwagwa, ukirudi nyumbani oga na ubadilishe nguo kabla ya kulala. Osha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ikiwa chafya na kuziba kwa pua ni kila siku kwa wiki nyingi, daktari anaweza kukupa dawa ya kupuliza puani yenye steroidi. Hiyo ndiyo hasa dawa ya pua sugu, lakini inataka uvumilivu wa siku kadhaa kabla hujaona faida, wengi huitupa siku ya tatu. Na kama kifua kinabana au kinapiga mluzi usiku, hiyo ni pumu inabisha hodi. Piriton haitibu pumu, nenda ukapimwe.

Baba mkwe nimemwacha mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi na sitaki ulisahau: usimnunulie. Piriton na promethazine, pamoja na kukausha mdomo, hulegeza kibofu na kubana njia ya mkojo. Kwa mzee ambaye tezi imeshaibana njia hiyo, kidonge kimoja cha safari kinaweza kuifunga kabisa. Fikiria mzee huyo, kibofu kimejaa, mkojo hautoki, na meli iko katikati ya mkondo. Ikimtokea popote, ni hospitali siku hiyo hiyo wamwekee mpira wa kutoa mkojo. Cinnarizine nayo asipewe bila idhini ya daktari wake, hasa kama ameshaanzishiwa dawa za tezi au za presha. Wazee pia dawa hizi huwachanganya akili na kuwaangusha, na nyonga ya miaka 70 ikivunjika ni safari nyingine ndefu. Na kuna wanaoambiwa na daktari wana presha ya macho: nao Piriton na promethazine si zao mpaka waulize.

Kwake yeye ningechangisha ndugu nimpandishe ndege. Pemba kuja Unguja ni kama nusu saa. Mkishindwa, mchagulie boti ya mwendo kasi badala ya meli ya usiku, asubuhi na mapema kabla upepo haujapanda, kiti cha katikati, tangawizi kwenye chupa, na mmoja wenu akae naye bega kwa bega.

Hukuniuliza hili, ila umetoka harusini, na harusi za kwetu zina kamba na pweza. Mtu akila akavimba midomo au ulimi, sauti ikakwaruza, akapumua kwa shida au akaishiwa nguvu ghafla, usikae ukatafuta Piriton. Hiyo ni kwa mabaka na kuwashwa. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini, na iko hospitali. Mwitieni gari kwanza.

Mumeo mwambie yote, na lile jicho moja. Atakuelewa, na huenda atakusikia zaidi kuhusu dawa zake mwenyewe. Halafu nenda kwa jirani yako. Usiende kugomba, alikupa alichonacho kwa mapenzi. Mwombe ile chupa uipeleke duka la dawa wakaiharibu, na umsimulie ulivyomwinua mwanao pale gatini. Ana wajukuu watatu, na kijiko anachotumia ni kile kile.